Sikio ya Mama Mkwe

Hapo Mumbuni, Machakos, ng'ambo ya barabara kutoka uwanja ya mpira, kuna benchi ambayo zamani ilikuwa mlango. Mlango ya nani, hakuna mtu anakumbuka, lakini tundu ya kufuli bado iko, na ukikaa vibaya inakufinya matako. Iko kwa ukuta ya karakana ya Musembi, fundi wa baiskeli. Kando yake Wayua ameweka jiko, birika ya kahawa ya tangawizi, na mdomo yake. Hiyo mdomo ndiyo inauza, kahawa inafuata tu. Wayua akicheka, watu wa stage ya matatu wanageuka kuangalia kama ni ajali. Wengine wa kila siku ni Kaloki, anaitwa Bunge kwa sababu hata sukari hawezi kuomba bila kusimama; Gatimu, mfanyabiashara wa mahindi aliyetoka Murang'a, anaitwa Jumla kwa sababu hata salamu anatoa ya gunia nzima; na Musembi mwenyewe, ambaye mtaa nzima inamwita Kocha, maana ndiye anafundisha Nzuki, timu ya watoto, wavulana kwa wasichana, wa miaka kumi, kumi na moja. Ilikuwa Jumatano, mwaka ule uliofuata shule za msingi kuwa bure. Kutoka saa tisa benchi ilikuwa imejaa, na ajabu ni kwamba hakuna mtu aliyeuliza kahawa. Walikuwa wamekuja kuangalia mkono ya Musembi.

— Ebu tuone, Wayua akasema. — Ni hii?

— Ni hii.

— Ya kulia?

— Ya kulia, Wayua. Sasa wacha.

— Na hiyo hiyo ndiyo unakulia ugali?

— Kwani nina ingine?

Wayua akatoa ile cheko. Makanga mmoja akasimama kwa stage, akaangalia chini ya gari.

Musembi akaingiza mkono mfukoni. Lakini fundi hawezi kufanya kazi na mkono moja mfukoni, na alikuwa na gurudumu ya mtu inangoja, kwa hivyo akautoa tena, na wote wakauangalia tena.

Sasa kama hukuwa uwanjani Jumamosi, pole sana, ulikosa. Lakini ngoja ielezwe pole pole, maana hii maneno iko na mizizi.

Bibi ya Musembi anaitwa Mueni. Mueni ako na kaka, na huyo kaka msichana wake wa kwanza akampa jina ya mama yake, vile inafanywa: Kamanthe. Kwa hivyo kuna Kamanthe wawili. Kuna susu Kamanthe, yaani nyanya, ambaye ni mama mkwe wa Musembi. Na kuna Kamanthe mdogo, miaka kumi, beki wa kushoto wa Nzuki. Kwa Wakamba, mtoto akipewa jina ya mtu amepewa na heshima yake yote, hakuna kubakisha. Na mama mkwe kwa mwanaume si mtu wa mchezo. Ni nthoni. Nthoni ni aibu na heshima zimefungwa kwa kitambaa moja. Humwiti jina. Humgusi. Ukimwona anakuja njiani, unapisha mapema, unaangalia miti kama mtu wa msitu.

Ndiyo maana Musembi, tangu huyo msichana azaliwe, hajawahi kumwita Kamanthe. Anamwita Mwaitu, yaani mama yangu. Hata uwanjani. "Mwaitu, panda juu! Mwaitu, rudi nyuma! Mwaitu, kaba huyo!" Wageni walikuwa wanashangaa hii ni timu gani, kocha anakimbiza mamake kwa jua.

Basi Jumamosi ilikuwa nusu fainali, Nzuki na watoto wa Ekalakala. Bao moja kwa moja. Mpira ikaja kwa Kamanthe mdogo pole pole, hakuna mtu karibu, hata kuku angeipiga. Akarusha mguu. Mguu ikaenda, mpira ikabaki. Mtoto akaenda hewani, akakaa chini pwaa, mpira ikapita hapo kando yake ikaingia goli.

Hiyo yote ingesamehewa. Lakini alipokaa chini, akacheka.

Na huyo msichana cheko yake ni ile ya pampu ya baiskeli: inavuta, inakwama, inavuta, inakwama, halafu inaachilia yote. Nzuki nzima ikacheka. Kipa wa Ekalakala akashika nguzo akacheka. Musembi akaingia uwanjani mbio, bila kuita refa, bila kuuliza mtu, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa posho mill:

— Kamanthe! Unacheka nini?

Jina! Yote! Na mkono ikashika sikio, ikainua mtoto kutoka chini mpaka akasimama na vidole vya miguu.

Halafu kule kwa laini, kwa kigoda chini ya mwavuli, susu Kamanthe akasimama. Hakupiga kelele. Alishika sikio yake mwenyewe. Akaifunika na leso, akaifunga hiyo leso chini ya kidevu, na akaenda nyumbani.

Nzuki ilisawazisha dakika ya mwisho, ikashinda kwa penalti. Hakuna mtu alikumbuka kushangilia.

Jumapili, Mueni akarudi kutoka kwao na ujumbe: mama anasema sikio inamuuma. Jumatatu, ujumbe ya pili: hakuna mjukuu wake hata mmoja atakanyaga uwanja mpaka Musembi alete mbuzi, na ailete kabla ya Ijumaa ifike jioni. Na nusu ya Nzuki ni wajukuu wake. Mpaka kipa. Na Jumamosi ni fainali, wanacheza na watoto wa Syokimau, wale wa viatu za njumu na chupa za maji za kunyonya.

Sasa umeelewa kwa nini mkono ilikuwa inaangaliwa.

Kaloki akasimama. Akavuta shati.

— Ndugu zangu. Tusikilizane. Huyu mtu alishika nini? Alishika sikio. Alishika jina? Hapana! Jina iko wapi kwa mwili? Mtu anionyeshe. Iko kwa goti? Iko kwa shingo?

— Iko kwa mdomo, Gatimu akasema.

— Na kwa mdomo alilitoa! Wayua akaruka. — Kamanthe! Aki nilimwaga kahawa ya mtu.

Kaloki akakaa. Tundu ya kufuli ikamfinya, akasimama tena.

— Sawa. Tuache hiyo. Nakuja na ingine. Filimbi! Kocha, ulikuwa na filimbi kwa shingo?

— Nilikuwa nayo.

— Mmesikia? Mtu akiwa na filimbi si Musembi tena. Ni ofisa! Polisi akipata mama mkwe wake na chang'aa, akimshika, analeta mbuzi?

— Yule polisi wa kule juu alileta mbili, Wayua akasema.

— Mbili?

— Mbili! Na bado akienda huko anapewa chai kwa dirisha.

Musembi akasahau gurudumu. Aliona dirisha, akaona kikombe ikitokea, akaona mkono yake mwenyewe ikienda kuichukua. Miaka kumi na moja ameoa Mueni, na kwa susu amekuwa akikaribishwa ndani, kiti yake ni ile ya kamba karibu na mlango, na nyama yake inawekwa kando bila kuuliza.

— Mimi nilikuwa nataka tushinde tu, akasema. — Tunafungwa, Wayua. Tunafungwa na yeye anacheka.

— Sasa ulitaka alie?

— Nilitaka... ajue ni kitu ya maana.

— Hata mimi naweza tetea hiyo, Gatimu akasema. Gatimu huwa anaongea kama anapima. — Lakini serikali si ilikataza viboko?

— Shuleni! Kaloki akapaa. — Shuleni, Jumla! Uwanja ni shule? Iko na ubao? Iko na chaki? Na tena huyu hakupiga. Alivuta. Sheria ya kuvuta bado haijaandikwa. Kenya hii unaweza vuta!

— Unaweza vuta mkokoteni.

— Wacha, Wayua. Kunywa kahawa yako.

— Kahawa yangu nauza!

Sasa walikuwa wamepata moto. Gatimu, ambaye kwa kawaida anasema maneno matatu na anarudi kwa mahindi yake, akasogea mpaka ukingo ya benchi.

— Mimi nafikiri dawa ni hii. Jina ndiyo inaleta shida. Ondoa jina. Watoto waitwe kwa namba ya jezi. Namba nne, panda. Namba saba, kimbia. Namba haina nyanya.

— Haki ya nani, Kaloki akasema, — hiyo ni akili.

— Na ukivuta sikio ya namba nne? Wayua akauliza.

— Umevuta sikio ya namba.

— Na susu atasema nini? Atakwambia mimi ndio namba nne! Atakuja hapa na jezi! Mnamjua susu Kamanthe ama mnamsikia tu?

Walimjua. Kaloki aliangalia barabara.

— Basi asimwangalie, akasema.

— Nani?

— Kocha. Nthoni inasema nini? Mama mkwe usimkodolee macho. Sasa yeye afundishe timu kama amewapa mgongo. Musembi, si uko na vioo za baiskeli hapo ndani?

— Ziko.

— Imekwisha! Unashika kioo hivi, unaona uwanja yote nyuma yako, unapiga kelele kwa kioo. Hujaangalia mtu. Umeangalia kioo!

— Kulia itakuwa kushoto, Gatimu akasema.

— Watazoea!

— Watafunga goli yao, Bunge.

— Watafunga kwa heshima!

Hapo Wayua akashindwa. Alishika ukuta, akashika jiko, akapiga kelele ya moto, akaachilia jiko, na akaendelea kucheka. Musembi naye akajikuta anacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nyumbani Mueni anaweka chakula mezani na anaenda kuangalia ng'ombe, na hawana ng'ombe.

— Mimi niwaambie, Wayua akasema akipanguza macho. — Haya yote ni bure. Sikio kwa sikio. Huyo mama amvute na yeye, tumalize.

— Hawezi, Musembi akasema haraka. — Hawezi kunigusa. Ni nthoni.

— Basi mtoto akuvute. Si mtoto ndiye susu? Jina ni moja, heshima ni moja, akuje hapa akushike sikio mbele ya watu. Susu atakuwa amekuvuta na hajakugusa.

Hiyo ilikuwa imeingia. Kaloki akafungua mdomo kusifu, halafu uso ukaanguka.

— Ngoja. Kama mtoto ndiye susu, na susu hawezi kumgusa...

— Ii.

— ...basi mtoto pia hawezi kumgusa.

— Woi!

— Na kama mtoto si susu...

— Basi hajamvuta susu, Gatimu akamaliza, — na hakuna haja ya mbuzi, na hakuna haja ya kuvutana.

— Lakini susu sikio inauma.

— Inauma.

Walizunguka hapo mpaka Gatimu akasema kichwa inamwuma kama ya siku ya kufunga hesabu. Na hapo ndipo Kaloki alipopata ile kubwa. Unajua mtu akipata kitu, hata akisimama, anasimama tofauti. Alipanda juu ya benchi.

— Nimeona! Nimeona mambo ya nchi yote! Kwa nini huyu ameshikwa na hofu hivi? Kwa sababu mtoto ako na jina ya mama mkwe. Basi! Kila mtoto Kenya hii, akiingia uwanja, apewe mama mkwe ya kocha!

— Sasa mama mkwe moja atatosha watoto wote?

— Wanagawana! Kumi na moja wa ndani, na wa akiba pia. Kocha akiangalia uwanja hivi, anaona mama mkwe, mama mkwe, mama mkwe. Nani atainua mkono? Nani atatukana? Ataanza kusema, samahani, mkiona vyema, naomba mrudi nyuma kidogo, mpira inakuja!

— Na refa?

— Refa pia ameoa! Atatoa kadi nyekundu akiwa amepiga magoti!

— Na kocha hajaoa?

— Asifundishe! Aende kwanza aoe!

Wayua alikuwa chini. Si kusema ni namna ya kusema, alikuwa chini, kwa mchanga, leso yake imefunguka ikaanguka. Mtu wa baiskeli alikuwa amekuja kuchukua gurudumu yake na akasahau kuiuliza.

Katika hiyo kelele ndipo Abdishakur alipofika na mbuzi.

Abdishakur ni mfanyabiashara wa mifugo, boma yake iko nyuma ya soko ya mbuzi. Alikuwa amehamia Machakos hiyo hiyo mwaka, na kwa benchi alikuwa hajawahi kukaa. Kaloki ndiye alimwita. Alisimama akiwa ameshika kamba, mtu mrefu, mpole, akangoja Wayua aamke.

— Salaam, wazee. Mama, habari. Kaloki alisema mbuzi dume, safi, mwenye afya, hana kasoro.

— Karibu, karibu! Kaloki akashuka. — Ebu tuone huyu mheshimiwa.

Wakamzunguka mbuzi kama wananunua lori. Gatimu akapima mgongo kwa kiganja. Kaloki akaangalia meno, mbuzi akaangalia yake. Musembi alipiga magoti mbele ya huyo mbuzi, wa rangi ya chai na miguu nyeupe, na moyo ikaanza kutulia. Ni mzuri. Huyu anaweza kuingia kwa susu bila kuona aibu. Ijumaa asubuhi anampeleka, wazee wanasema maneno, Mueni anarudisha chumvi kwa chakula, Jumamosi Nzuki inaingia uwanja ikiwa kamili.

— Woooi! Wayua akapiga kelele. — Sikio!

— Nini?

— Sikio ya mbuzi! Imekatwa!

Kweli. Kwa ncha ya sikio kulikuwa na pengo, imekatwa vizuri, kama mtu ameuma chapati.

— Ni alama, Abdishakur akasema. — Mbuzi yangu yote iko hivyo. Wakichanganyika sokoni, najua wangu.

— Yote?

— Yote.

— Musembi, Wayua akasema, — umevuta sikio ya mama mkwe, halafu unampelekea mbuzi wa sikio kukatwa. Huyo mama ataelewa nini? Ataelewa umekuja kumwonyesha kile kinafuata!

Musembi akakaa chini kabisa.

— Ni upande gani? Gatimu akauliza. — Tusiogope kwanza. Mbuzi imekatwa kushoto. Mtoto alivutwa upande gani?

Hakuna mtu alikuwa na hakika. Kwa hivyo ikabidi waonyeshe. Kaloki akawa Kocha, Gatimu akawa mtoto. Gatimu, mtu wa kilo mia, akakaa chini kwa mchanga na miguu mbele. Kaloki akaja mbio kutoka kwa stage.

— Unacheka nini! Akashika sikio na mkono ya kulia.

— Aii! Pole pole, Bunge!

— Ni gani hiyo nimeshika?

— Ni... yangu! Kushoto! Achilia!

— Kushoto, Kaloki akasema. Akaachilia. — Ni ile ile.

Gatimu alibaki amekaa chini, anasugua sikio. Macho yake ilikuwa na maji kidogo. Aliangalia Kaloki namna hajawahi kumwangalia.

— Inauma, akasema.

— Si tulikuwa tunaonyesha tu.

— Najua. Nasema inauma.

Lakini Wayua alikuwa amepata dawa. Alichukua ile leso yake imeanguka, ya maua nyekundu, akaiweka kwa kichwa ya mbuzi, akafunika masikio yote mawili, akafunga fundo chini ya kidevu. Akarudi nyuma aone.

Mbuzi akageuza kichwa. Akaangalia Musembi. Macho ya kusinzia, ndevu kidogo, mdomo unatafuna pole pole kama mtu amesikia na hatasema.

— Toa! Musembi akaruka nyuma, akapisha, akaangalia miti. — Toa hiyo leso! Ni yeye! Wayua, nakuomba, ni yeye kabisa!

Aki, watu wa stage walitoka kwa magari. Wayua alicheka bila sauti, ile ya hatari, ya mdomo wazi na mikono hewani. Kaloki alikuwa anasalimia mbuzi: "Mwaitu, habari ya nyumbani." Hata Gatimu akasahau sikio.

Abdishakur peke yake hakucheka. Si ati alikuwa na ubaya. Alikuwa anatafuta mahali hiyo hadithi inaanzia.

— Mimi sijaelewa, akasema. — Mnisaidie. Sikio ya nani inauma?

— Ya susu, wakasema wote. — Mama mkwe.

— Alivutwa?

— Hapana, alivutwa mtoto. Mwenye jina yake.

— Mtoto alifanya nini?

Wakaangaliana.

— Alicheka, Musembi akasema.

— Ah. Abdishakur akanyoosha kamba. — Na huyo mtoto ndiye wa kwanza? Wengine hujawahi kuvuta?

— Wengine! Kaloki akacheka. — Wengine si ni kila siku! Huyu ni kocha, bwana. Mumbua wangu alivutwa ile siku ya mvua mpaka sikio ikawa kama nyanya ya soko. Na nilikuwa hapo!

— Ulileta maneno?

— Maneno gani? Mumbua ni jina ya mvua, alizaliwa kama inanyesha. Mvua haina mkwe!

— Ulipiga makofi, Wayua akasema. Bado alikuwa anapanguza macho, alikuwa anasema tu. — Ulisema muongeze.

— Na Shiku wako, Jumla, Kaloki akasema haraka. — Si alichapwa na kamba ya filimbi?

— Shiku ako na jina ya mama yangu, Gatimu akasema. — Lakini mama ako Murang'a. Hakuona.

Abdishakur alisikiliza yote, mmoja mmoja, akiitikia na kichwa. Halafu akauliza, bila ubaya, kama mtu wa mbuzi anauliza mambo ya mbuzi:

— Sasa mbuzi ya hao wengine iko wapi?

Kaloki akasimama. Akavuta shati. Akakaa, juu ya tundu ya kufuli kabisa, na hakusikia.

Gatimu alirudi kusugua sikio.

Wayua alichukua birika ajazie watu, maana hiyo ndiyo kazi yake wakati maneno imekauka. Akaiinamisha. Ikatoa tangawizi mbili, tatu, na maji ya rangi ya matope. Akaiinamisha zaidi. Akairudisha juu ya jiko.

— Imeisha, akasema.

Musembi alikuwa anaangalia mkono. Kila mtu alikuwa ameiangalia tangu saa tisa, na yeye ndiye alikuwa hajaiangalia. Ilikuwa na grisi kwa kucha. Ni hiyo ilitengeneza mpira ya kwanza ya Nzuki kwa tyubu ya baiskeli. Ni hiyo inafua jezi zao Jumapili, moja moja, na kuzianika kwa ua. Alikuwa anaijua kama mkono mzuri.

Na mbuzi, kwa vile Abdishakur alikuwa amelegeza kamba akingoja jibu, akaondoka.

Alivuka barabara na leso yake kichwani, matatu ikapiga honi, akaingia uwanjani. Watoto wa Nzuki walikuwa wametoka shule, wale wasiokatazwa wanapiga mpira, na wajukuu wa susu wamekaa nje ya laini kwa mstari, hawakanyagi. Mbuzi akapita katikati yao wote, maua nyekundu inapepea, kama mama anakimbilia kanisa.

Cheko ya kwanza ilitoka kwa mstari. Ikavuta, ikakwama. Ikavuta, ikakwama. Halafu ikaachilia yote.

Musembi angeijua hata akiwa amelala. Hajaisikia tangu Jumamosi. Watoto wote wakaingia, waliokatazwa na wasiokatazwa, hakuna laini tena, wanakimbiza mbuzi, wanaanguka, wanasimama, Kamanthe mdogo mbele na mikono wazi, Mumbua nyuma yake, Shiku ameshika tumbo. Hata Musembi alikuwa anacheka wakati alivuka barabara mbio kusaidia, mkono ya kulia juu, anapunga, anaita:

— Mwaitu! Mshike! Mshike kwa kamba!

Kamanthe mdogo akageuka, akamwona. Akaona mkono.

Cheko ikakatika kama pampu imechomolewa. Mikono yake ikapanda, ikafunika masikio. Na Mumbua akafunika. Na Shiku. Na kipa. Uwanja nzima, kutoka goli mpaka goli, watoto wamesimama na mikono kwa masikio, wanamwangalia. Mbuzi peke yake hakufunika. Yake ilikuwa imefunikwa tayari.

Musembi akasimama hapo kwa laini. Hakuvuka. Mkono ilikuwa bado iko juu, akaishusha pole pole, pole pole, wakiiangalia vile inashuka, mpaka ikafika chini.

Nyuma yake alisikia viatu ya Abdishakur imefika. Hakugeuka. Alikuwa anapitisha macho kwa watoto, mmoja mmoja, kutoka upande hii mpaka upande ile.

— Abdishakur, akasema. — Huko kwa boma yako, kuna mbuzi ngapi?